Mpishi Kwenye Mtumbwi wa Gome

Nimedharau watu wengi maishani, uzoefu ninao, lakini sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule mpishi siku aliposhuka treni pale Kaliua.

Nimewadharau wawindaji wa kwenye simu, wale wanaotazama video ya simba wamelala chali kitandani, kisha wanakuja kijiweni kutufundisha simba anavyokamata. Nimewadharau wavuvi wa sokoni, wanaomsema kambale kutoka mbali kama wamemzaa wao. Nimemdharau jirani yangu, fundi baiskeli, anayejiita mwindaji, na miaka yote niliyomjua kitu pekee alichokiangusha porini ni yeye mwenyewe, alipojikwaa kwenye kisiki. Hao wote walikuwa mazoezi tu.

Huyu mpishi kashuka na shati jeupe limepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya. Viatu vya kanisani, vinang'aa hadi kunguru wa stesheni wanajitazama. Mkono mmoja sufuria jeusi, na begani, bwana we, mwiko. Si mwiko wa mama yako. Mwiko wa shule ya bweni, ule wa kusongea ugali wa watoto mia sita, mrefu kunishinda mimi na kofia yangu, mpana kichwani kama jembe. Watu walimpisha njia wakidhani kabeba msalaba anakwenda kuzika.

"Habari za hapa, shemeji," akasema, kanyoosha mkono.

"Nani kakupa ushemeji?" nikamwuliza. "Siku hizi unauzwa kwenye treni pamoja na karanga?"

"Hapana, shemeji. Ndiyo nimekuja kuutafuta."

"Na huo mwiko? Unakwenda kuusonga mto?"

Akacheka. Nikakichukia kicheko chake hapohapo, maana mtu ukimtukana akacheka, unabaki na tusi mkononi hujui uliweke wapi.

Nikueleze kwa nini alikuja. Mimi nina dada, kanitangulia kuzaliwa miaka mitatu na hajaacha kunikumbusha. Ni mjane. Marehemu mume wake alikuwa mchimba dhahabu upande wa Nzega, na kila mwaka alirudi na habari ya jiwe la dhahabu kubwa kama kichwa cha ng'ombe, ambalo kila mwaka lilimponyoka siku moja kabla ya kurudi. Alipofariki alituachia sururu mbili na hadithi arobaini. Tangu hapo dada hana hamu na mwanaume wa maneno. Kwa bahati mbaya mdogo wake wa pekee ni mimi, kwa hiyo kila akinitazama anaguna.

Lakini mikono yake sasa! Mimi navua, yeye anakausha kwa moshi. Kambale akitoka kwenye uchanja wa dada ana rangi ya sarafu mpya, na harufu yake inamtoa mgonjwa kitandani anauliza sahani iko wapi. Nzi wenyewe wakija wanasimama mbali kwa adabu. Yeye ndiye anayewapeleka Tabora mjini, yeye ndiye anayewajua wateja. Bila dada mimi ni mtu mwenye gunia la samaki wanaonuka.

Huko mjini akawa anapeleka samaki jikoni kwenye shule moja, na jikoni ndiko alikokuwa huyu mpishi, mtu wa Cheyo, humohumo Tabora mjini, mjane mwenzake, umri kama wa kwake. Akaonja kambale. Akaonja tena wiki iliyofuata. Wiki ya tatu hakuonja, akauliza jina la baba yetu.

Unaona lilipofika? Akiolewa, anahamia Cheyo. Akihamia Cheyo, mimi nimekwisha. Basi nikamwambia dada kwamba mtu wa mjini hawezi mwanamke wa mtoni, akiumwa na mbu mmoja ataomba likizo.

Dada alikuwa anapanga kuni, hata hakugeuka. "Vizuri," akasema. "Mpeleke mtoni siku nane. Akilalamika hata mara moja, arudi kwao, na mimi habari zake sitaki tena. Asipolalamika, nitamjibu. Wewe ndiye utakayeniambia."

"Mimi?"

"Wewe. Na usiniletee chumvi zako."

Nililala kama mtoto wa sikukuu. Kunipa mimi kazi ya kumfanya mtu alalamike! Ni sawa na kumpa fisi ufunguo wa bucha.

Halafu desturi yenyewe ilikuwa upande wangu. Kwetu mwanaume anayemtaka dada yako ni halali yako kwa maneno. Unamtania utakavyo, sura yake, kazi yake, kula yake, kulala kwake, kila kitu isipokuwa mama yake mzazi. Na yeye anaruhusiwa kujibu. Ila anayekasirika kwanza analipa jogoo, tena mkubwa, na jogoo anachinjwa mbele yake watu wakimtazama. Katika maisha yangu nimekula majogoo wa watu sita. Mimi sijawahi kulipa hata manyoya.

Tukaondoka watatu: mimi, mpishi, na yule jirani yangu fundi baiskeli, ambaye alisema anakuja kutulinda. Kulinda! Alibeba manati na kofia ya jeshi aliyoinunua mnadani. Tulikuwa na kibali cha kuvua nje ya mpaka wa hifadhi, wala hakuna mahali kilipotaja manati, lakini jirani alivyokuwa anatembea ungedhani nchi nzima imemkabidhi tembo wake.

Kutoka kijijini mpaka mto Ugalla ni bodaboda mbili na msitu usiokwisha. Mbung'o wa njia ile hawaumi, wanachota. Nimewahi kumwona mbung'o kakaa kwenye usukani wa pikipiki na dereva akamwuliza anashukia wapi. Mpishi nikamweka nyuma kabisa, anakofaidika mbung'o, na gunia la unga mgongoni. Tulipofika shingo yake imevimba kama andazi.

"Unaonaje huku, shemeji?" nikamwuliza, sikio nimelitega.

Akapangusa jasho, akatazama mto, akatazama ndege weupe kwenye matete. "Pazuri hapa."

"Mbung'o je?"

"Wapo."

Wapo! Sasa hilo ni lalamiko au ni hesabu? Nikamtazama jirani, jirani akatikisa kichwa. Haikuhesabiwa.

Dago letu, yaani kambi ya uvuvi, ni vibanda viwili vya nyasi na uchanja wa kukaushia samaki. Mitumbwi ilikuwa miwili. Wa jirani ni wa gogo, mzee, mzito, ukiuingiza majini unazama kwanza ndiyo unafikiri. Wangu ni wa gome. Huu nauelezea kwa heshima, maana ni kitu pekee ambacho sijawahi kukitilia chumvi. Unauchagua mti wa mtundu ulionyooka, masika wakati utomvu unapanda, unalivua gome zima kama unamvua mtu kanzu. Unalipasha moto mpaka lilegee, unakunja ncha mbili, unashona kwa kamba ya gome hilohilo, unatanua kati kwa vijiti. Siku mbili una chombo. Mwepesi, mtu mmoja anaubeba kichwani. Vijana wa siku hizi wanataka mbao na injini, wakifika katikati mafuta yanaisha, wanaanza kumwomba Mungu ambaye walikuwa hawamsalimii.

Siku ya kwanza nikamkalisha mpishi mbele ya mtumbwi nikamwambia asiguse kafi, asije akatupeleka Kigoma. Akaulaza ule mwiko wake chini, akaukalia.

"Mwiko unaukalia?" nikamwambia. "Mkeo wa kwanza alikuwa anakaa wapi, kwenye upawa?"

"Marehemu alikuwa na kiti," akasema kwa upole. "Mimi ndiye niliyekaa kwenye mwiko."

Jirani alicheka mpaka mtumbwi wake ukayumba. Nikamwonya jirani asicheke upande usio wake.

Nilimfanyia kila kitu, kweli tena. Nilimpa kibanda kinachovuja upepo. Nilimtuma maji mbali wakati maji yako karibu. Nilimpa kazi ya kuwatoa gogogo nyavuni, wale samaki wenye miiba mitatu yenye sumu ya kuwasha mpaka kwapani. Alichomwa kidole gumba, kikavimba kama nyanya chungu. Nikasogea karibu nisipitwe na neno.

"Inauma?"

Akakitazama kidole kama kidole cha mtu mwingine. "Inauma. Wanapikwa na nini hawa?"

Akawapika. Nasema kwa chuki: nilikula mpaka nikafungua mkanda. Alitia nyanya, limao na kitu kingine alichokifunga kwenye karatasi ya daftari, nikamwuliza ni nini, akasema ni cha shuleni. Jirani alilamba sufuria akabaki na masizi puani kama paka wa jikoni. Tangu siku hiyo jirani hakuwa upande wangu tena. Nilimwambia, "Wewe umenunuliwa kwa mchuzi." Akasema, "Na wewe umekula mara mbili."

Maneno ndiyo nilikuwa nayategemea. Siku nne mfululizo nilimtukana mpishi asubuhi, mchana na jioni, kama dawa ya hospitali. Nilimwambia ana miguu ya mchezaji mpira, wa mezani. Nilimwambia mwanaume anayepika amebakiza siku moja tu azae, na hata huyo mtoto atamwunguza. Nilimletea mpaka ukoo. Unajua sisi watu wa huku, kila mmoja babu yake alibeba pembe za ndovu mpaka pwani wakati wa misafara. Kwa hesabu ya mababu waliobeba, tembo wangekwisha Afrika nzima na wengine wakaazimwa. Na mimi ninaye wangu.

"Babu yangu," nikamwambia, "alibeba pembe mbili peke yake, moja kila bega, kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na njiani akambeba mwenye mali aliyeumwa mguu. Babu yako alikuwa wapi?"

"Alikuwa kwenye msafara uleule," akasema mpishi, anachambua mchele.

"Anafanya nini?"

"Anawapikia. Babu yako alibeba pembe, babu yangu alibeba sufuria. Walipofika pwani, nani alikuwa amenenepa?"

Jirani akajiangusha chini kabisa, kofia ya jeshi ikaenda kule. Mimi nikacheka meno tu. Hapo ndipo nilipomwuliza kweli, si utani: "Wewe hivi huoni kama nakutukana?"

"Naona, shemeji." Akapuliza pumba. "Lakini mimi kila siku saa saba mchana, maharage yakitoka, natukanwa na watoto mia sita. Mwaka wa ishirini na mbili huu. Wananiambia maharage yangu yana umri mkubwa kuliko mwalimu mkuu. Wewe uko peke yako. Kwangu mimi hii ni likizo."

Likizo! Matusi yangu mimi, niliyoyatunga kwa kichwa changu, mtu anayaita likizo.

Siku ya tano jirani akaenda kuwinda. Alikuwa ametusumbua na kanga tangu tufike, kwamba kuna kundi la kanga mia tatu ng'ambo ya kichaka, atarudi nao kwa kamba kama mbuzi. Akajipaka majivu usoni wasimwone. Kutwa nzima tunasikia kanga wanalia upande huu, manati inalia upande ule. Sasa katika utulivu huo, mpishi akaniuliza swali moja ambalo mtu wa Cheyo hakupaswa kuliuliza.

"Shemeji, huu mshono wa kwenye ncha, maji hayapiti vipi?"

Mtu hajawahi kuniuliza mshono. Dada hajawahi. Mke wangu, mama watoto, hajui hata kama una mshono. Basi nikalainika. Nikautoa mtumbwi majini, nikauburuta mpaka juu kwenye mchanga mweupe, nikaugeuza tumbo juu ili auone vizuri. Nikaanza. Nilianza kwenye mti, nikaingia kwenye gome, nikaingia kwenye moto, nikatoka kidogo kueleza baba yangu alivyovuka mto huu kwenye ganda la kobe, nikarudi kwenye kamba. Jua liko utosini, mpishi anaitikia tu, "Ehee. Ehee."

Kila mtu wa kwetu, hata aliyezaliwa jana, anajua kwamba mtumbwi wa gome ukitoka majini unawekwa kivulini, au unauzamisha kwa mawe ukae na unyevu. Ukiukausha kwa jua unapasuka. Na mimi nilimwambia hivyo. Nilisimama mbele yake nikanyanyua kidole, nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "Shemeji, adui wa gome ni jua. Saa moja tu juani, kwisha." Na mkono wa pili nimeuegemeza kwenye mtumbwi, uko juani saa ya nne, wa moto kama kikaango.

Alinitazama. Akatazama mtumbwi. Nadhani alitaka kusema kitu. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika kwenye nta ya kuziba mshono.

Alasiri tukaingia kwenda kuvuta nyavu. Yeye mbele kakalia mwiko wake, na sufuria lenye kiporo cha ugali, maana tungechelewa. Mimi nyuma na kafi. Tuko katikati, mahali ambapo Ugalla unatanuka na maji yanakuwa meusi, nikasikia *tak*. Sauti ndogo, kama mtu amevunja njiti.

"Shemeji," mpishi akasema, "maji yanaingia."

"Ni matone ya kafi hayo."

"Yamefika kwenye vidole."

"Una vidole virefu."

*Tak* nyingine, ndefu. Nikaangalia chini nikaona ufa unatembea kutoka kwenye goti langu kwenda kwake, taratibu, kama unamjua. Na hapohapo, hatua ishirini mbele, maji yakajivimbisha, akatoka kiboko. Sisemi kiboko wa kawaida. Sema behewa la mizigo lenye masikio. Alipiga mwayo, nikaona mpaka alichokula juzi.

Sasa nikuambie nilichofanya mimi, mvuvi wa miaka thelathini mtoni. Nilisimama. Kwenye mtumbwi wa gome, mtu anasimama! Kitu ambacho nimewakataza watu tangu sina ndevu. Nikapiga kelele, nikamtupia kiboko kafi. Sikumrushia kwa shabaha, nilimtupia tu kama mtu anayesalimisha silaha. Kafi likaelea likaenda zake. Kisha nikamwita mama yangu, ambaye ni marehemu na alikuwa hajui kuogelea.

"Kaa chini, shemeji," mpishi akasema. Sauti ileile ya kuchambua mchele.

Nikakaa. Akavua shati lake jeupe. Akachota ugali wa kiporo, ule mgumu wa asubuhi, akaukanda kwa vidole na mafuta ya samaki yaliyobaki sufuriani, akaanza kuusindilia kwenye ufa kutoka mwanzo mpaka mwisho, gumba lake limevimba vilevile, haraka, sawasawa, kama mtu anayejaza sambusa. Juu akatandika shati, akaniambia, "Kalia hapo, usisogee, wewe ndiyo kizibo." Nikakalia. Miaka arobaini na tano nilikuwa sijapata kazi inayonifaa namna ile.

Halafu akautoa mwiko.

Mimi nilikuwa najua mikono ya wavuvi. Sikujua mikono ya mtu anayesonga magunia ya unga tangu asubuhi, ugali unaomkatalia, unaomvuta, na yeye anaugeuza. Alipiga mwiko majini mara moja, mtumbwi ukaruka kama umechomwa sindano. Mara ya pili kiboko tukamwacha pembeni, anatutazama amefunga mdomo. Mara ya kumi tulikuwa kwenye matete. Bodaboda yenyewe isingetufikisha. Nasikia upepo masikioni, ugali uko chini yangu, baridi, unashika.

Ukingoni alikuwa amesimama jirani, usoni majivu, mkononi njiwa mmoja ambaye nadhani alikufa kwa uzee. Alituona tunakuja: mimi nimekaa kama bibi harusi, mpishi kifua wazi anapiga mwiko.

Mpishi akashuka, akauvuta mtumbwi, akapumua. Kwa siku tano nzima hakuwa amenianza hata mara moja. Akanitazama kwa upole, akasema:

"Shemeji, chombo chako nimekilisha ugali mkavu. Kesho kitaniuliza mboga."

Ndipo hasira ziliponipanda, sijui zilitoka wapi. Nilimwita majina ambayo siyarudii hapa, nikapiga teke mchanga, nikasema mtumbwi ni wangu, mto ni wangu, na ugali wenyewe ni unga wangu. Jirani alisubiri nimalize. Akanyanyua yule njiwa juu kama refa mwenye kadi.

"Jogoo!" akapiga kelele. "Jogoo! Kakasirika! Nimesikia kwa masikio yangu! Jogoo mkubwa!"

Siku tatu zilizobaki sikumtukana mtu. Tulivulia mtumbwi wa gogo, kwa zamu. Nyavu zilijaa perege na kambale, na mpishi kila jioni anasema "pazuri hapa."

Tulirudi kijijini saa tano asubuhi. Dada alikuwa uani kwake, kanga kiunoni, amekaa kwenye kigoda, na jinsi alivyokaa nikajua hajala tangu jana. Alijifanya anapepeta. Ungo ulikuwa mtupu.

"Mwangaluka," akatusalimu, kisha akanigeukia mimi. "Haya. Sema."

Njia nzima kutoka mtoni nilikuwa nafikiri. Neno moja tu lilitosha. Ningesema alilalamika juu ya gogogo, kwisha, yeye angepanda treni, na mimi samaki wangu wangebaki na rangi ya sarafu. Jirani angepinga? Nani anamwamini jirani? Nilifungua mdomo, na sijui ni uzee ule, nikasema kweli. Nikasema yote. Ufa, kiboko, kafi, mama, ugali, shati, mwiko. Sikupunguza hata mahali nilipokuwa kizibo.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka ungo chini.

"Nilikuambia usiniletee chumvi."

"Dada, hii haina chumvi!"

"Mtumbwi ukazibwa kwa ugali."

"Ugali wa kiporo."

"Na mwiko ukamshinda kiboko."

"Mwulize jirani!"

Akamtazama jirani. Jirani akaapa, mkono juu, tena akaongeza kwamba siku hiyohiyo yeye aliangusha kanga kumi na wanne ila walimponyoka kwenye kamba. Nikaona kesi yangu inazama mbele ya macho yangu. Ndiyo malipo ya mdomo huu: mara ya kwanza nasema kweli, na shahidi wangu ni yule.

Dada akamgeukia mpishi, aliyekuwa amesimama karibu na mlango bila shati, amevaa koti langu la mvua. "Na wewe? Ilikuwaje huko?"

Mpishi akajikuna shingo yenye vipele vya mbung'o. Mimi nikamwambia kwa macho, sema, sema mjinga wewe, sema ulivyonitoa.

"Shemeji anaujua mto," akasema. "Alinifundisha kushona mtumbwi. Mimi nilipika tu."

Dada akakisogeza kigoda chake karibu naye.

"Siku nane," akasema dada, "amekutukana?"

"Tulikuwa tunaongea."

"Namjua huyu. Nimeishi naye tangu anatambaa. Mimi mwenyewe siku mbili tu na yeye nataka kumrushia kigoda." Akasimama, akakung'uta kanga. "Wewe umekaa naye siku nane, umerudi, na bado unamwita shemeji. Na unamfichia aibu yake. Kiboko sijamwona na sitaki kumwona. Hilo linanitosha."

Akaingia ndani. Tulidhani amekasirika. Akatoka na bakuli la uji la kumpa mpishi, na shati la marehemu baba yetu, ambalo mimi nililiomba miaka kumi na mbili akaninyima.

Walifunga ndoa kanisani baada ya mavuno, na jogoo alichinjwa mbele yangu, watu wanatazama, jirani akadai paja kama shahidi. Nilimtania bwana harusi mpaka kwenye mlango wa kanisa. Alikuwa anaitikia, "Ehee."

Asubuhi ya kuhamia Cheyo dada alinipeleka kwenye uchanja, akanikabidhi kisu chake, kile kilicholika kwa kunolewa mpaka chembamba kama jani la mtete. Akaweka kambale mmoja mbele yangu. Mpishi alikuwa amesimama na masanduku, bodaboda inawaka.

"Mpasue," akasema dada.

Nikamshika kambale, nikamlaza chali, nikaingiza kisu tumboni.

"Mgongoni!" akasema. "Mgongoni, wewe! Anafunguka kama kitabu, moshi unaingia kila mahali. Miaka ishirini unakaa hapo unanitazama. Ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa nasimulia," nikasema.

Alinitazama kwa muda, macho yakamlowa, akageuza uso upande wa pikipiki. Mimi nikamgeuza kambale, nikatafuta mgongo ulipo, na tayari alikuwa ameshapasuka tumbo, matumbo yote yako kwenye viatu vyangu.